Singo Chini ya Hadubini

Kipande cha ukuta wa treni kiliwekwa chini ya hadubini, taa ya buluu ikawashwa, na kipande kizima kikang'aa kijani. Nyuzi za mkonge zilikuwa kijani. Gundi iliyozishika ilikuwa kijani. Kwa jicho la mtu, na kwa kamera yoyote ya kawaida, hicho kilikuwa kitu kimoja kisicho na kasoro.

Mhandisi Zuena Mbaruku akabonyeza kitufe cha kamera-wigo, na kijani kile kikagawanyika. Kwenye kioo cha kompyuta nyuzi ziligeuka rangi ya maziwa, gundi ikawa samawati. Katikati yao, mahali ambapo punde tu hapakuwa na kitu, palitokea mizizi myekundu iliyotambaa kila upande. Ilikuwa kuvu, nayo ilikuwa ikiula ukuta kutoka ndani.

"Mtume wangu!" alisema Zuena peke yake. Treni yenye ukuta ule ilikuwa imepakia abiria asubuhi hiyo. Akapiga simu stesheni na kutaka mabehewa yote ya aina ile yaondolewe relini. Alipoulizwa ana uhakika gani, alijibu kwamba wenye shaka wapande wao na watoto wao.

Tanga ya miaka hiyo ilijengwa kwa mkonge: mabehewa, mapaa, mbawa za ndege zisizo na rubani, hata mifupa ya roboti. Kazi ya Zuena ilikuwa kuhakikisha mkonge huo hauui mtu. Kamera-wigo ndiyo kwanza ilikuwa imefungwa maabara, na tayari ilikuwa imemharibia usingizi. Kamera ya kawaida huuliza kila nukta swali moja tu: kuna kijani au hakuna? Kamera-wigo huupokea mwanga wa kila nukta, huuchambua kutoka zambarau hadi nyekundu kwa hatua ndogondogo, kisha huchora mstari unaoonyesha mwanga uko mwingi wapi na haba wapi. Vitu viwili vinaweza kuwa kijani kilekile machoni, lakini mstari wa kimoja ukasimama kama mnara na wa kingine ukalala kama kichuguu.

Simu ikalia. Alikuwa Mwasiti, mdogo wake.

"Dada, uko wapi?"

"Kazini. Saa hizi nitakuwa wapi tena?"

"Njoo kituoni. Mashine imemwona Ilham."

Katika jiji lile maneno hayo hayakuhitaji maelezo. Sheria ilimtaka kila anayeoa au kuolewa apimwe kwanza katika Kituo cha Afya ya Ndoa. Aliyepima alikuwa Tabibu, akili mnemba yenye mikono mingi ya chuma isiyotetemeka. Kwa wanawake, Tabibu alivuta chembe chache za titi kwa sindano nyembamba, akazitia rangi-shahidi, dawa inayoshika chembe za saratani peke yake na kung'aa kijani ikimulikwa na buluu. Kijani kikionekana, bi harusi alipasuliwa siku hiyohiyo. Jiji lilijivunia jambo hilo. Saratani ikishaonekana haikupewa nafasi ya kulala ndani ya mtu hata usiku mmoja.

Ilham alikuwa binti pekee wa Zuena. Ndoa yake ilikuwa Ijumaa.

Zuena aliwakuta wamekaa kwenye benchi, Ilham amevaa kanga mbili mpya, Mwasiti amemshika mkono. Juu yao, ukutani, kulikuwa na picha kubwa ya Mwasiti huyohuyo akitabasamu, na chini yake neno moja: NIPO. Alipokuwa bi harusi, miaka kumi na tisa nyuma, Mwasiti alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonwa na mashine. Matiti yake yote mawili yaliondolewa siku chache kabla ya ndoa. Mchumba hakukimbia, ndoa ilifungwa, na tangu hapo Mwasiti akawa sura ya kituo. Alizunguka shuleni na madrasani akiwaambia wasichana wasiogope. Na kwa kuwa aliaminika, akawa pia somo wa mabibi harusi wengi mjini. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaweka ndani, akiwafunda na kuwasinga, yaani kuwasugua mwili kwa singo la manukato, kwa mikono yake.

"Amepangiwa saa nane," Mwasiti alisema. "Haumii, anasinzia tu. Nimeshamwambia mwari wangu yote."

"Wanachukua yote mawili, mama," alisema Ilham. "Sikuulizwa hata nichague moja." Alijaribu kucheka, akaishia kufunika uso kwa kanga.

Zuena hakumkumbatia. Alijua akimkumbatia hatafanya kitu kingine siku hiyo.

"Nataka kuiona picha," alisema.

Daktari Shemdoe, binadamu pekee aliyesimamia upande ule wa kituo, akawafungulia picha ukutani. Ilikuwa kijani. Zuena aliitazama kama anavyotazama kuta za treni, bila huruma. Chembe zilikuwa kijani. Mafuta yaliyokuwa kati ya chembe yalikuwa kijani. Pembeni kulikuwa na kigaga kidogo cha ngozi, nacho kilikuwa kijani.

"Saratani ya titi inafanya nini kwenye kigaga cha ngozi?"

"Rangi humwagika kidogo," Daktari alisema. "Tabibu hulipigia hesabu."

Sauti laini ikatoka darini. "Uwezekano wa saratani ni asilimia tisini na tisa. Katika kituo hiki hakuna aliyepasuliwa ambaye ugonjwa umemrudia."

"Kamera yako inaona nini, Tabibu?" Zuena aliuliza.

"Inaona kijani."

"Kijani kipi?"

"Sijaelewa swali."

Zuena akageuka. "Ilham, sheria inasema sampuli ni mali ya mwenye mwili. Unaitaka yako?"

"Naitaka."

"Dada!" Mwasiti alisimama. "Hii si treni. Huyu ni mtoto. Mimi wakati wangu ningeingiza ubishi kama huu, leo ungekuwa unanisomea hitima. Unataka kuchezea roho ya mtu kwa sababu umenunuliwa kamera mpya?"

"Nikiwa nimekosea, saa nane nitamleta mwenyewe."

"Na ukichelewa?"

"Mwasiti, lini nimewahi kuchelewa?"

"Hujawahi. Unachosha tu. Hata mumeo marehemu alisema."

"Mama mdogo, twendeni," Ilham akasema. "Angalau nitoke humu nikapate upepo."

Daktari Shemdoe alikikumbatia kisanduku chenye kioo cha sampuli. Kanuni haikumruhusu akiache kitoke bila yeye. "Bi Zuena, ile hadubini yenu ni ya kupimia kamba."

"Na hili ni titi la mwanangu. Chukua koti lako."

Walifika maabara wote wanne. Zuena alianza na tone la rangi-shahidi tupu, alilomtaka Daktari aje nalo. Mstari wake ukachorwa kwenye kioo cha kompyuta: mnara mwembamba, umesimama wima. Kisha akaweka kioo cha Ilham. Hadubini ikapita kimyakimya, nukta baada ya nukta, na mstari ukaanza kupanda. Ulipanda polepole, ukatanuka, ukashuka polepole. Kichuguu.

Zuena akabadilisha mahali. Kichuguu. Akaenda kwenye chembe iliyong'aa kuliko zote. Kichuguu. Aliiamuru kamera itafute mnara popote pale kwenye kioo kizima, hata kivuli chake. Haukuwapo.

"Hii si rangi-shahidi," alisema.

Daktari Shemdoe alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. "Rangi imewekwa. Nimeona ikiwekwa."

"Imewekwa, haikupata cha kushika, ikaoshwa. Kinachong'aa hapa ni kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Sijui."

Kompyuta ya maabara ilijua mistari ya gundi, kuvu, rangi za viwandani na kila takataka inayoweza kuingia kwenye mkonge. Haikuujua huu. Mwasiti, aliyekuwa amejizuia muda wote, akanyoosha kidole kwenye kichuguu. "Hujui, lakini unamzuia mtoto asitibiwe! Hiki hapa ni nini, kama si ugonjwa?"

Zuena hakutazama kichuguu. Alikitazama kidole. Ukucha wa Mwasiti ulikuwa na rangi ya njano iliyokolea pembeni, ile ya mikono ya masomo wote wa mji ule.

"Ilham umemsinga lini?"

"Jana jioni, na leo alfajiri. Ulitaka nimpeleke mbele za watu ananuka usingizi? Tangu lini bi harusi akatoka nje bila kusingwa?"

"Singo lako lina nini?"

"Umesahau na hilo? Liwa, asumini, mrehani, karafuu, maji ya waridi."

"Na manjano."

"Na manjano, tena mabichi, natwanga mwenyewe. Singo bila manjano si uji tu?"

"Lakini nilioga, mama," Ilham alisema.

"Manjano hayajali maji. Kabla ya sindano walikupangusa na nini?"

"Spiriti."

Daktari Shemdoe akafumba macho. Alikuwa ameelewa, na ilionekana angelipa chochote asielewe. "Spiriti huyayeyusha," alisema taratibu. "Inayasukuma kwenye vinyweleo, sindano inapita hapohapo inaingia nayo. Na manjano hupenda mafuta. Titi ni mafuta."

Zuena alimshika Mwasiti mkono, akakwangua chini ya ukucha, akaupaka ule unga kwenye kioo kipya. Mstari ukapanda, ukatanuka, ukashuka. Akauburuta juu ya mstari wa Ilham. Ikalaliana, ikawa mmoja.

"Kwa hiyo ugonjwa wangu ni singo?" Ilham aliuliza.

Zuena alianza kucheka na hakujua kicheko kiligeuka kilio wakati gani. Sasa akamkumbatia mtoto, kwa nguvu hadi Ilham akalalamika kwamba anamvunja mbavu, na harufu ya asumini ikawajaa wote wawili.

Daktari Shemdoe alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Mabibi harusi," alisema. "Siku zote tulijiuliza kwa nini wao huonwa kuliko wanawake wengine. Tukasema ni homoni. Tukasema ni mawazo ya ndoa. Profesa mmoja alisema ni pilau."

"Na mlivyovikata? Hakuna aliyevipima?"

"Huchomwa siku hiyohiyo. Tabibu alikuwa ameshajibu, nani apime tena? Na hakuna aliyerudiwa na ugonjwa, Bi Zuena. Hata mmoja. Hicho ndicho kilikuwa kiburi chetu."

"Utarudije ugonjwa ambao haukuja?"

"Wengine waliugua kweli," alisema kwa sauti ya kuomba. "Lazima wapo."

"Waliitengeneza wapi mashine hii?"

"Nje. Iliwapima maelfu ya wanawake kabla ya kuletwa."

"Na katika maelfu hayo hakuna hata mmoja aliyewahi kusingwa."

Hapo ndipo Zuena alipomgeukia Mwasiti. Alikuwa amesimama palepale, ameiweka mikono yake mbele ya uso na kuitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Dada," alisema. "Mimi nilisingwa na nani?"

Zuena akamsogelea. "Na mama."

"Alitia manjano?"

"Mwasiti, kaa kwanza."

"Nimekuuliza, alitia manjano?"

"Alitia."

Daktari Shemdoe akasema kutoka sakafuni, bila kumtazama yeyote, kwamba vioo vya chembe havikuwa vikichomwa. Vilihifadhiwa vyote gizani, kwenye ghala la baridi la kituo. Cha Mwasiti kingekuwapo.

"Si lazima," Zuena alisema. "Si lazima ujue."

"Nimeishi na jibu la mashine tangu usichana wangu. Kileteni. Nataka jibu la dada yangu."

Kioo kililetwa na ndege ndogo isiyo na rubani, kikatua kwenye kingo ya dirisha ndani ya kisanduku chake cha barafu. Kilikuwa kidogo sana. Zuena alikisafisha, akakiweka, akawasha taa ya buluu. Mwanga ulikuwa umefifia kwa miaka, ikabidi kamera ikusanye nukta moja kwa muda mrefu kabla ya kuhamia nyingine. Mwanga ulififia, lakini umbo halikufifia. Mwasiti alijifunza kuusoma mstari ule asubuhi hiyohiyo, na hakuhitaji kuelezwa. Kichuguu kilipokamilika alitikisa kichwa mara moja kukubali, kama mtu aliyepewa chenji sahihi.

"Mwanangu Nuhu alipozaliwa," alisema, "alikuwa akitafuta titi anakuta mfupa. Anaulamba huohuo. Nikawa namwambia, nyamaza baba, mama aliumwa." Akageukia dirisha. "Kumbe sikuumwa."

Zuena akanyoosha mikono.

"Usinishike! Ukinishika nitaanguka, na huu si wakati wangu wa kuanguka. Daktari, nani wamepangiwa leo?"

Daktari alikuwa ameshawapigia wakubwa wa kituo mara mbili. Walikuwa wamemsikiliza kwa adabu. Bodi ingekutana kesho. Mpaka bodi iamue, Tabibu asingezimwa, maana kumzima bila kibali lilikuwa kosa la jinai. Lakini naye asingempasua mtu asiyekubali.

"Leo wapo watatu," alisema. "Wote wamekubali."

"Aliwakubalisha nani?"

Wote walijua wasichana hawakubali kwa ajili ya Tabibu. Wanakubali kwa sababu kuna mwanamke anayewashika mkono na kuwaambia: nitazame mimi.

Mwasiti alikuwa ameshafika mlangoni.

Ukumbi wa kituo ulikuwa umejaa. Mabibi harusi walikaa na mama zao na masomo wao, na hewa ilikuwa nzito kwa singo. Harufu ambayo Zuena aliipenda tangu utotoni sasa ilimfanya awahesabu wasichana waliosingwa. Watu walipomwona Mwasiti walisogea wampishe. Msichana mmoja akainuka kumwamkia, "Shikamoo, mama somo," mikono ikimtetemeka. Mkononi alikuwa ameshafungwa utepe mweupe wa wanaokwenda kupasuliwa.

Mwasiti alimpita. Alisimama chini ya picha yake mwenyewe, akaanza kufungua vifungo vya gauni. Daktari Shemdoe akageukia ukuta. Kuna mama aliyesema, "Astaghfirullah, dada, watu!" kisha akanyamaza kama wengine, kwa sababu gauni lilikuwa limeshuka mpaka kiunoni.

Kwa miaka yote ile walikuwa wameona tabasamu tu. Makovu hakuna aliyekuwa ameyaona. Yalikuwa mawili, marefu, yamenyooka vizuri sana, kazi ya mkono usiotetemeka.

"Hapa hapakuwa na ugonjwa," Mwasiti alisema. Sauti ilitoka kavu. "Palikuwa na singo. Mashine inaona manjano inadhani ni saratani. Sikuambiwa na mtu, nimeona kwa macho yangu, leo, chembe zangu na za mwanangu Ilham. Aliyeonwa na aende nyumbani. Atapimwa upya na kamera inayojua kutofautisha. Mkiambiwa saini, msisaini. Mkiambiwa Mwasiti amesema kubalini, semeni Mwasiti amekataza."

Msichana wa utepe mweupe alikuwa wa kwanza kuukata kwa meno. Kelele zikalipuka. Mama mmoja aliomba maji, mwingine alikuwa akimvuta binti yake kuelekea mlangoni bila hata kuchukua viatu. Ilham alipita katikati yao akiwasaidia walioshindwa kufungua utepe, akirudia neno lilelile, "Nendeni, nendeni."

Katika zogo lile mwanamke mmoja hakusogea. Alikuwa ameketi kwenye benchi la pembeni na chupa ya uji mapajani, ile wanayowaletea waliolazwa. Alingoja mpaka macho ya Mwasiti yakamfikia.

"Wangu alikatwa juzi," alisema.

Vichwa vikageuka, kuanzia mbele hadi nyuma.

"Nilikataa mimi. Nikasema tungoje kidogo, tuulize kwingine. Wewe ukakaa naye ukamshika mkono, akasema, mama, nenda tu, nipo na somo wangu." Mwanamke hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akimweleza, kama anayetaka kusahihishwa. "Amelala chumba cha sita. Ameamka vizuri. Anakuulizia tangu asubuhi."

Zuena alikuwa karibu. Akavua mtandio wake amfunike mdogo wake mabega, na safari hii Mwasiti hakumzuia. Ngozi yake ilikuwa baridi.

"Nitamwambia mimi," Zuena alisema chini chini. "Nina picha, nina mistari, nitamweleza."

"Hapana," Mwasiti alisema. "Atataka kuuliza maswali, na kwako atapata majibu tu. Aliyemshika mkono ni mimi." Akaufunga mtandio kifuani, akamwendea yule mwanamke na kupokea chupa ya uji kutoka mapajani mwake. Mwanamke akaiachia. Wakaondoka pamoja kuelekea chumba cha sita, bila kugusana, mmoja hatua moja nyuma ya mwenziwe.

Darini, sauti laini ya Tabibu ikaita jina la bi harusi wa saa nane, Ilham. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka wenyewe, taa zikawaka, mikono ya chuma ikajipanga. Sauti ikaita tena, kwa upole uleule, ikiuliza kama mgonjwa anahitaji kusaidiwa kutembea.